Mbwa Asiyejua Kiswahili

Sekela hakuwa mwoga. Hilo tulimalize mapema, maana wapo watu wa Mpemba, pale nje kidogo ya Tunduma, ambao mpaka leo wakimtaja hucheka kwanza ndipo waseme. Mwanamke aliyeshuka peke yake kutoka milima ya Ileje na begi moja na sufuria ya mama yake, akaanza kuuza mchele sokoni Tunduma katikati ya madereva wa malori na wabadilisha fedha wenye midomo ya asali, huyo si mwoga. Aliwahi kumkimbiza tapeli kwa mwiko karibu afike naye Zambia, na tapeli ndiye aliyekuwa anaita polisi.

Lakini mbwa? Mbwa akitokea mwisho wa kichochoro, hata awe kijibwa cha kuonea huruma chenye upele mwili mzima, Sekela aligeuza njia. Alizijua nyumba zote zenye mbwa kuanzia kwake hadi sokoni, akazikwepa moja baada ya nyingine, hata safari fupi ikawa ndefu. Mumewe, Osea, Mnyiha wa Igamba aliyekua akilala na mbwa jikoni, aliona ni vituko tu vya mkewe. Siku ya posa aliambiwa kwamba Sekela alikuwa na dada aitwaye Gwantwa, akafariki akiwa msichana. Aliuliza kilichomuua. Akajibiwa: aliugua.

Kwao Sekela ndivyo walivyosema mbele ya wageni. Wakibaki wenyewe waliongeza kwamba alirogwa, na mrogaji hawakumtaja kwa mdomo, walimwonyesha kwa kidevu: nyumba ile ng'ambo ya migomba, nyumba ya Tusekile, dada wa baba yao. Tangu msiba ule mama yake Sekela hakumsalimia tena wifi yake. Walikutana kanisani kila Jumapili, wakaimba kitabu kimoja, wakatoka kwa milango tofauti.

Sekela alijua vingine, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Alikuwa mdogo, ametoka kuokota kuni na dada yake, mbwa asiyejulikana akatokea kwenye migomba akitembea upande upande, mate yakimdondoka. Akamng'ata Gwantwa kwenye shavu la mguu, akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna alichofanya. Kidonda kilikuwa kidogo. Wakakipaka majivu, kikapona, watu wakasahau. Mahindi yalipokwisha kuvunwa, Gwantwa akaanza kuogopa maji. Akiletewa kikombe koo lilijikaza, macho yakamtoka, akasukuma mkono wa mama yake. Na alikuwa na kiu. Hilo ndilo lililomkaa Sekela moyoni: dada yake alikuwa anakufa kwa kiu, kikombe kiko mbele yake. Baada ya mazishi alisema mara moja tu kwamba ni yule mbwa. Aliambiwa mtoto haingilii mambo ya msiba. Akanyamaza, na hofu ikanyamaza naye humo humo ndani, ikakua.

Basi wakajenga nyumba yao pembezoni mwa Mpemba, mahali ambapo viwanja vingi bado vilikuwa na mahindi badala ya majirani. Osea alikuwa anakwenda Kamsamba kununua mchele kwa wakulima, anakaa huko kwenye joto siku kadhaa, Sekela anabaki peke yake. Mwaka huohuo wezi wakaruka ukuta wa Erica, jirani yao wa karibu. Walibeba redio, wakabeba nguo, wakabeba na sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, maharage yakiwa ndani.

"Tutafute mbwa," alisema Osea.

Sekela alipendekeza mabata bukini. Alipendekeza taa, alipendekeza vipande vya chupa juu ya ukuta. Mwisho alipendekeza wahame.

"Nyumba hata rangi haijaonja, Sekela, tuhame?"

"Sawa," alisema Sekela, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kupasuliwa. "Lakini nachagua mimi."

Osea alicheka, akakubali. Hakujua amekubali nini.

Kwanza walikwenda Isansa kwa Mzee Jonasi, mkulima wa kahawa ambaye jike lake lilikuwa limezaa. Watoto wa mbwa walikuwa wanene, wanatembea kwa kujikwaa. Mmoja alimfuata Sekela akamlamba kisigino. Ulimi ule, ule unyevu! Sekela aliruka nyuma bila kuangalia, akaangukia chanja la kahawa, na kahawa ya watu iliyokuwa inaanikwa ikamwagika yote mavumbini. Walishinda siku nzima wakiokota kahawa, mume na mke, huku Mzee Jonasi akiwa amekaa kwenye kigoda anawaelekeza punje zilipo. Walirudi nyumbani bila mbwa.

Kisha Osea akampeleka kwenye gereji moja karibu na barabara kuu, kulikokuwa na dume jeusi lililofungwa mnyororo. Osea alilipenda papo hapo. Lilibweka mpaka mabati yakalia. Sekela alilitazama mdomo, akaona mate, akaanza kulia palepale mbele ya mafundi. Osea alimshika mkono wakaondoka. Jioni, akila, alisema taratibu, "Mke wangu, kuna jambo huniambii."

"Hakuna," alisema Sekela.

Aliyewamalizia kazi ni Danford, Mbemba wa Kasama aliyekuwa na duka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mteja wao wa mchele wa muda mrefu. Alikuwa anafunga duka arudi kwao, na mbwa wake hakuwa na nafasi kwenye gari. Aliitwa Bosi. Alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, si mzee wala si kijana.

Walipofika uani kwake Sekela alibaki mlangoni, kitenge amekikamata kwa mikono miwili. Danford alimwona.

"Mwitina, bamayo," alisema, yaani usiogope, mama. Halafu akamgeukia mbwa. "Ikala."

Bosi akakaa.

"Akikaa, amekaa," Danford alieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hata nyumba iungue. Hanyanyuki mpaka aitwe. Sasa ona." Akaweka beseni la maji miguuni pake. "Isa."

Bosi akaja, akainamisha kichwa, akanywa. Alikunywa kwa pupa, ulimi ukilia chap chap chap, maji yakarukia viatu vya Danford. Sekela alisogea hatua, akasogea nyingine. Hakuna aliyempigia kelele. Alisimama akaangalia mpaka beseni likabaki tupu, na Osea aliyekuwa anamtazama mkewe badala ya mbwa aliona mikono yake imeachia kitenge.

"Amechanjwa?" aliuliza Sekela.

"Kila mwaka, bamayo. Karatasi ninazo."

"Basi ni huyu."

Osea alishangaa. Mbwa mzuri wa Isansa kakataliwa, dume la gereji limemtoa machozi, halafu huyu mwenye sikio bovu anachaguliwa kwa kunywa maji! Lakini mwenye kuchagua alikuwa amechagua.

Kabla hawajaondoka Danford aliwafundisha maneno, maana Bosi Kiswahili hajui hata salamu. Isa ni njoo. Ikala ni kaa. Leka ni acha. La mwisho aliwavuta pembeni, nyuma ya ukuta, akalisema kwa kunong'ona kama mtu anayetaja jina la marehemu.

"Ikata. Hiyo ni kamata. Ni ya mwizi tu. Msiichezee."

"Ikala, ikata," Osea alirudia kwa furaha. "Rahisi. Ikala, kaa. Ikata, kata!"

Rahisi kwa asiyeogopa. Sekela alirudi nyumbani maneno yakigongana kichwani kama vikombe kwenye ndoo. Ikala, ikata. Herufi moja tu, na ndani ya herufi hiyo kuna meno.

Majirani walifurahi kupita kiasi. "Mama Mchele kaleta mbwa wa viza!" alisema Erica, na watoto wa mtaa wakapita ukutani wakimwita Bosi kwa Kiingereza, wakidhani wamemfikia. Osea alimzoea siku hiyohiyo. Sekela alimlisha kwa kusukuma sahani kwa ufito mrefu, akimwacha Bosi kwenye mnyororo, kisha akakimbilia ndani na kumchungulia dirishani akinywa maji. Kila siku alichungulia. Akishaona ulimi umegusa maji, ndipo naye aliweza kunywa chai.

Asubuhi moja Osea aliondoka kwenda Kamsamba. Akiwa ameshapanda pikipiki alisema, "Nimemfungua Bosi. Mbwa wa kufungwa daima haoni kama nyumba ni yake. Ukimwogopa mwambie ikala." Akaenda zake. Mwanamume akiwa na safari ana maneno mepesi.

Sekela alijifungia ndani mpaka jua likawa kali. Lakini mchele aliokuwa ameuanika kwenye turubai uani ulikuwa na wadudu, na kuku wa Erica hawana adabu. Mwishowe alifungua mlango. Bosi alikuwa amelala kivulini. Aliinua kichwa. Sekela alisema kwa sauti isiyokuwa yake, "Ikala." Mbwa akakaa, mkia ukifagia vumbi. Sekela akainama kwenye ungo, akapepeta, jicho moja kwenye mchele, jingine kwenye meno. Jasho lilimtoka hadi viganjani. Hata hivyo akapata ujasiri kidogo, akamwita anyanyuke pale alipokaa, kwa kunong'ona tu, "Isa," kisha akatishika na neno lake mwenyewe, akakimbilia mlangoni. Bosi alinyanyuka, akazunguka, akaenda kulala karibu na geti.

Hapo geti likafunguka.

Hakukuwa na hodi, kwa sababu mama hapigi hodi kwa binti yake. Mama yake Sekela alikuwa ametoka Ileje na basi la alfajiri, simu imeisha chaji, kikapu cha ndizi na maharage mkononi, anakuja kuona nyumba aliyoisikia tu. Aliingia akitabasamu. Bosi akaruka kwa miguu yote minne, manyoya ya mgongo yamesimama, akanguruma.

Ulimi hauna mfupa. Sekela alitaka kusema kaa. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinasema kaa.

"Ikata!" alipiga kelele. "Ikata! Ikata!"

Mbwa alifanya alichotumwa. Mama aliinua kikapu kujikinga, Bosi akakivamia, ndizi zikatawanyika, mama akaanguka chali, na Sekela akaona meno yakiteleza kutoka kwenye ukindu wa kikapu hadi kwenye mkono. Hakujua alivyofika pale. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alikuwa amemkumbatia mbwa shingoni, yeye, Sekela, uso wake umezama kwenye manyoya yenye harufu ya vumbi, na anapiga kelele neno ambalo hakujua kama analijua.

"Leka! Leka! Leka!"

Bosi akaachia. Akakaa. Akamtazama Sekela kwa macho safi, kama kibarua aliyemaliza kazi na sasa anasubiri asifiwe.

Mkononi mwa mama kulikuwa na mchubuko na tundu moja dogo. Dogo sana. Damu yake hata haikufika kwenye kiwiko.

"Ni kidogo, mwanangu," mama alisema, akijaribu kucheka. "Niletee majivu."

Kidogo. Majivu. Alikuwa ameyasikia maneno hayohayo akiwa mtoto, kwa sauti hiyohiyo.

"Majivu hapana, mama!"

Alimburuta mpaka bombani. Redioni aliwahi kumsikia daktari akieleza la kufanya, akalishika kama amri ya Mungu: maji yanayotiririka na sabuni, osha, osha, usichoke. Aliosha mpaka mama akalalamika kwamba ngozi inaisha. Kisha akamfunga Bosi kwenye mnyororo kwa mikono yake mwenyewe, kufuli likamshinda mara mbili, akamwita Erica awaitie bajaji.

Hospitalini muuguzi, mama mtu mzima aliyeitwa Anyosisye, aliukagua mkono, akauliza mbwa ni wa nani, akauliza chanjo, akachoma sindano ya kwanza na kuwapa tarehe za nyingine. "Mbwa msimuue," alisema. "Wengi hukimbilia kuua. Mfungeni, mwangalieni. Akiendelea kula na kunywa mpaka siku nilizowaandikia ziishe, hana kitu. Akibadilika, akishindwa kunywa, mnakuja hapa mbio."

Mama alikuwa ameshusha mkono wa gauni. Aliupandisha tena, kana kwamba bado kuna kitu cha kuchoma.

"Akishindwa kunywa," alirudia. "Mbwa?"

"Mbwa, na hata mtu, mama. Kichaa cha mbwa kikishampata mtu, maji humshinda. Hapo tena hatuna dawa. Dawa ni hii ya mapema."

Chumba kilikuwa na kelele za watoto. Mama alimgeukia Sekela, si muuguzi.

"Gwantwa angechomwa hizi?"

Sekela alikuwa amelisubiri swali hilo karibu maisha yake yote, na sasa lilipokuja alitamani lirudi lilikotoka.

"Ndiyo, mama," alisema. "Angepona."

Mama hakulia. Hakulia ndani ya bajaji, wala siku iliyofuata. Osea aliporudi kutoka Kamsamba alikuta mkwewe amefungwa bendeji na mkewe amekonda uso. Alikwenda moja kwa moja kutafuta rungu.

"Ukimgusa tutajuaje?" Sekela alimzuia. Hapo ndipo alipomweleza yote: kuni, migomba, mate, kikombe. Alieleza pia la kwake. "Si mbwa aliyekosea. Ni mimi niliyesema kata." Osea aliweka rungu chini. Alikaa kwenye mfuko wa mchele, mikono kichwani, akakumbuka kahawa ya Isansa na machozi ya gereji, na jinsi alivyocheka. "Nisamehe," alisema, na lilikuwa neno dogo, lakini alilisema mara nyingi.

Siku zile za kungoja nyumba iligeuka wodi. Hawakucheka, hawakuwasha redio. Asubuhi Sekela alisukuma beseni kwa ufito, akaingia ndani, na watu watatu wazima wakabanana kwenye dirisha moja kumtazama mbwa akinywa maji. Alikunywa. Kesho yake alikunywa. Hofu haikupungua, ilizidi, kwa maana kila siku njema iliwakumbusha kwamba bado moja mbaya inatosha. Usiku mama aliomba Mungu kwa Kindali, na Sekela alilala bila kulala, akisikiliza kama mama atakohoa, kama ataomba maji, na akiomba, kama atayameza.

Ikafika asubuhi ya mwisho. Sekela alichukua beseni, akaacha ufito. Labda alichoka kuogopa, labda aliona aibu, mwenyewe hajui. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, Osea nyuma yake. Bosi alipomwona analeta maji bila ufito alinyanyuka kwa furaha, mnyororo ukalia, na Sekela akashtuka.

"Ikala!" alisema. Neno lilitoka sawasawa.

Bosi akakaa. Sekela aliweka beseni miguuni pake mwenyewe, mahali mnyororo unapofika, akasubiri.

Mbwa hakunywa.

Aliyatazama maji. Akamtazama Sekela. Akayatazama maji tena, na uzi wa mate ukamtoka pembeni mwa mdomo, ukaning'inia. Mama alisimama. "Yesu wangu," alisema. Osea alimshika bega. Sekela aliona migomba, aliona mguu wa dada yake, aliona kikombe kikisukumwa, na baridi ikampanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Mbwa alikuwa na kiu. Ilionekana wazi kwamba ana kiu. Na maji yalikuwa mbele yake.

Akikaa, amekaa. Hanyanyuki mpaka aitwe.

Sekela alikumbuka, lakini kukumbuka hakukumsaidia kufungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu lililobaki, nalo maana yake ni njoo. Ule unong'ono wa siku ile aliukimbia. Sasa hapakuwa na pa kukimbilia, maana hapo alipokuwa ndipo kwenye maji. Machozi yalimtiririka. Akakaza miguu yake palepale.

"Isa," alisema.

Bosi akaja. Akapita karibu hadi sikio lake lililochanika likagusa kitenge cha Sekela, akainamisha kichwa, akanywa. Chap chap chap. Maji yalimrukia Sekela miguuni, baridi, na hakuondoa mguu.

"Anakunywa," alisema Osea.

Mama alikuwa ameketi tena, uso ameufunika kwa mkono wenye bendeji. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba kabisa, kilio alichokuwa hajakimaliza, akilitaja jina la Gwantwa tena na tena, na Erica akachungulia ukutani akidhani mtu amekufa. Sekela alikwenda akakaa naye kwenye ngazi. Hakuna aliyemwambia mama anyamaze.

Alipomaliza sindano zake mama alisema anarudi Ileje. Sekela alimfungia mchele wa Kamsamba, ule mzuri wa kunukia, akaufunga vizuri kwenye mfuko.

"Fungasha na mwingine," alisema mama.

"Huu hautoshi, mama?"

"Huu ni wangu." Mama alikuwa anatazama uani, mahali Bosi alipolala kivulini. "Huo mwingine ni wa shangazi yako Tusekile. Nikishuka kwenye basi nitaanzia kwake, kabla sijafika kwangu. Uwe mwingi, Sekela. Sijui nitamwambia nini."